Sekunde Ishirini na Tano

Jumatatu, 23 Machi

Daftari hili lilikuwa la vizimba vya panya kazini. Mistari yake imechapwa upande, Mzee Bonifasi akasema, "Chukua, mama Sabra, kamfundishie mtoto a-e-i-o-u." Mtoto mwenyewe nimemwacha mlimani jana. Kwa hiyo nitaandika mimi.

Naandika saa saba mchana. Panya wa maabara hulala mchana. Nikishawabadilishia maranda na kuwajazia maji, chumba kizima kinatulia, ndipo na mimi napata kiti.

Nianze na jana. Tulipanda na Sabra kwa ajili ya Idi, nikashuka peke yangu. Jirani aliyekuwa akinishikia mtoto amehamia Mlali kwa mumewe, na baba yake Sabra yuko kwenye mashamba ya miwa, simu yake nimeacha kuisubiri. Mama akasema, "Kwetu mjukuu wa kike wa kwanza humkalia bibi yake. Wewe ulimkalia bibi yako miaka mitatu. Ulikufa?" Nikasema sikufa. Na kweli mama anahitaji mtu. Ana kisukari mwaka wa nne huu, na tangu mwaka jana miguu yake imekufa ganzi mpaka juu ya vifundo. Siku ya Idi Sabra ndiye aliyeuona mwiba kwenye unyayo wa bibi yake, umezama, mweusi kama punje ya pilipili manga. Mama alikuwa ametembea nao sijui siku ngapi. Akautazama, akacheka: "Kumbe nina mgeni!"

Mimi sikucheka. Mama ndiye aliyenifundisha kutembea mtelezoni. Huko kwetu, juu ya Mkuyuni, masika yakianza watu wanavua viatu, maana ndara zinakuangusha. Vidole ndivyo vinavyoshika udongo. "Kanyaga kwa vidole, Shakila. Kisigino hakina akili." Yeye alikuwa anateremka na mkungu wa ndizi kichwani, anaongea, anacheka na watu, hatazami chini. Jana alinisindikiza mpaka kwenye lile jiwe tunalopandia kutafuta mtandao, peku, akitazama chini hatua kwa hatua kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Nilipofika bondeni niligeuka. Sabra alikuwa bado ananipungia, au lilikuwa jani la mgomba. Nikapunga tu.

Alhamisi, 26 Machi

Niandike kazi yenyewe jinsi nilivyoielewa.

Tuna panya weupe arobaini na wanane. Kumi na sita ni wazima. Waliobaki Daktari Agustino aliwachoma sindano mwezi wa kwanza, wakapata kisukari, na sasa miguu yao imeanza kufa ganzi kama ya mama. Kumi na sita vizimba vyao vina uzi wa kijani, kumi na sita vina uzi wa njano. Kundi moja linapewa dawa mpya ya neva, jingine linapewa maji ya chumvi. Lipi ni lipi limeandikwa ndani ya bahasha iliyofungiwa kabatini. Hata Daktari mwenyewe hajui, ili macho yake yasimdanganye.

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi tunampandisha kila panya kwenye bamba la moto. Ni moto wa kuudhi, si wa kuunguza. Mzee Bonifasi anashika saa, mimi naandika. Mzima hunyanyua mguu na kuulamba kwenye sekunde ya tisa, ya kumi. Wenye sukari wanakwenda mpaka kumi na saba. Panya akifika ishirini na tano hajanyanyua, tunamtoa. Hiyo ni sheria. Siku ya kwanza nilimuuliza Daktari kwa nini, akasema, "Kwa sababu hajui kwamba anaungua. Inabidi sisi tujue kwa niaba yake."

Leo wastani wa kijani ni sekunde kumi na saba, njano kumi na saba.

"Hawa wako kama mwenye nyumba wangu," Mzee Bonifasi akasema. "Unamwambia paa linavuja, anakutazama tu."

Jumamosi, 28 Machi

Nimefua gauni la Sabra. Halikuwa chafu.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Toka juzi mlima hauonekani. Nikitoka mlangoni kwangu Bigwa naangalia mahali unapokaa.

Alhamisi, 2 Aprili

Kumi na saba, kumi na saba. Mzee Bonifasi amekwenda kwake Mzumbe kula Pasaka. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni na mwavuli.

"Nakuachia wanangu arobaini na wanane. Usije ukawabadilisha dini mimi sipo."

"Umechelewa, mzee. Hata nguruwe hawali, nimeshawasilimisha."

"Basi waambie babu yao anarudi Jumanne." Kamwaga kicheko mpaka getini.

Jumapili, 5 Aprili

Niko peke yangu na panya. Baridi ya leo ni ya mlimani kabisa, imeshuka na mvua.

Rafu ya njano iko chini ya dirisha. Kioo kilipasuka Februari, tukaziba kwa katoni, na sasa katoni imekuwa uji. Daktari ameshaandika barua mbili za kuomba fundi. Rafu zenyewe haziruhusiwi kuhamishwa mpaka utafiti uishe. Nimewakuta wa njano wamejikunja pembeni kama ngumi, manyoya yamesimama. Hawa wanakojoa sana kwa ajili ya sukari. Nikiweka maranda makavu saa moja, saa tano yamelowa.

Nikamkumbuka mama. Baridi kama hii alikuwa anaweka jiwe la mtoni pembeni ya mafiga, likipata moto analifunga kwenye kitenge, analisukuma chini ya blanketi miguuni kwetu. Tulikuwa watatu tunaligombania kwa nyayo. Yeye anatusikia tunavyosukumana, anasema, "Jiwe halina mwenyewe, pokezaneni."

Nikachemsha maji kwenye birika, nikajaza chupa za plastiki, nikazilaza nyuma ya vizimba vya njano. Haikupita muda, wakaja mmoja mmoja, wakalaza matumbo upande ule. Yule mwenye sikio lililochanika alinyoosha miguu ya nyuma kabisa, kama mtu aliye likizo.

Kwenye daftari la kazi sikuandika. Lina safu ya chakula, maji, maranda, sukari na vifo. Hilo halina safu.

Jumatano, 8 Aprili

Nawapashia kila asubuhi saa moja. Ni kazi ndogo. Mikono yangu nayo inapata joto.

Alhamisi, 9 Aprili

Kijani kumi na saba. Njano kumi na tatu.

Mzee Bonifasi aliitikisa saa, akaiweka sikioni. "Shakila, umeandika vizuri?" Tukawarudia wawili. Kumi na tatu, kumi na mbili. Daktari alikuwa amesimama nyuma yetu, anagusagusa kalamu mfukoni.

Jumapili, 12 Aprili

Mjomba Abasi, kaka yake mama, amempandisha Sabra kwenye jiwe la simu.

"Mama, bibi ana kuku anaitwa Shakila."

"Kwa nini anaitwa Shakila?"

"Kwa sababu anaondokaondoka."

Nyuma nilimsikia mjomba anacheka hadi anakohoa. Mimi pia nilicheka. Kisha simu ikakatika, nikabaki nimeishika hivyo hivyo.

Alhamisi, 16 Aprili

Kijani kumi na sita. Njano kumi na moja. Kumi na moja! Wazima wenyewe ni kumi.

Daktari leo kapiga mluzi koridoni. Akanionya, "Usimwambie mtu, Shakila. Bado mapema mno." Nikasema ndiyo, daktari. Saa kumi, saa anayopelekwa kwenye jiwe la mtandao, nikampigia mama.

"Mama, kuna dawa. Miguu inarudi. Nimeona kwa macho yangu."

"Dawa gani?"

"Tunawapa panya."

"Unataka kunipa mimi dawa ya panya?" Akacheka. Halafu nikasikia mvua ya kwao kwenye simu. Akasema taratibu, "Kwa hiyo nitaweza kuushika tena udongo?"

Nikasema utaushika, mama. Nilisema hivyo. Naandika hapa ili nisije kukana.

Jumatatu, 20 Aprili

Mjomba Abasi huwa hapigi simu saa nne asubuhi. Leo kapiga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, usishtuke."

"Ukiniambia nisishtuke nimeshashtuka. Sema."

Jana alasiri mvua ilikuwa kubwa, baridi kali. Mama akapasha jiwe lile lile, akalifunga kwenye kitenge, akalala nalo miguuni. Sabra alikuwa amekaa kando yake anamenya karanga. Mjomba akampa simu anieleze mwenyewe, maana ndiye aliyeona.

"Kitenge kilikuwa kinanuka, mama. Nikasema, bibi, kitu kinaungua. Akasema ni jikoni kwa Eufrazia. Nikasema, bibi, ni hapa. Nikafunua. Ngozi ilikuwa imeshikana na nguo."

"Bibi alilia?"

"Hapana. Alisema, 'Hilo jiwe lina joto kweli?' Mimi ndiyo nililia."

Kisigino cha kushoto. Vijana walimteremsha kwa machela hadi zahanati. Nesi amesafisha, amefunga, amesema kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona, kikioza huo mguu utakatwa. Mjomba alilisema hilo neno la mwisho kwa sauti ndogo, kama vile mguu ungesikia.

Nimekaa hapa na panya wanalala. Nafikiri jambo moja tu. Panya asiyesikia moto, tunahesabu, ikifika ishirini na tano tunamtoa. Tunao watu wawili kwa kazi hiyo, na saa, na Daktari mwenye shahada. Mama yangu alilala na moto kisiginoni na aliyekuwa akihesabu ni mtoto wa miaka mitano mwenye karanga mkononi.

Mama ana miaka hamsini na sita. Akikatwa mguu kule juu, ndiyo basi. Kule hakuna barabara ya kusukumia mtu kwenye kiti. Utakuwa mwisho wa shamba, wa kisima, wa kila kitu isipokuwa kitanda.

Jumanne, 21 Aprili

Ufunguo wa friji ya dawa nakaa nao mimi. Mna chupa mbili kubwa, moja ina alama ya kijani, nyingine ya njano. Saa sita Mzee Bonifasi alipokwenda kula, nilivuta kwa sindano kutoka ya njano nikajaza kichupa cha dawa ya kikohozi ya Sabra. Bado kilikuwa kinanukia ndizi za bandia.

Kisha nikapiga hesabu, ujinga wenyewe. Panya mmoja gramu mia mbili na hamsini. Mama kilo hamsini na nane. Mama ni panya mia mbili na thelathini na wawili. Nilichochukua hakiwatoshi hata ishirini. Nikajiambia basi nitadondoshea kidonda tu. Nikajiambia mengi.

Kesho naomba ruhusa, napanda.

Jumatano, 22 Aprili

Barabara imekatika kabla ya Mkuyuni. Maji yamekula tuta. Magari yanageuza.

Alhamisi, 23 Aprili

Homa. Sijaenda kazini. Kichupa kiko ndani ya mtungi wa maji, nimekifunga mfuko.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimerudi kazini. Kitu cha kwanza nilifungua daftari la jana. Mzee Bonifasi ameandika kwa mwandiko wake wa zamani wenye mikia: kijani kumi na sita. Njano kumi na saba.

Kumi na saba.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni hao hao wanao. Daktari karudia mara mbili, hakunywa hata chai. Anasema labda dawa imechacha."

Nikasimama mbele ya rafu ya njano. Chupa zangu za plastiki zilikuwa pale pale nyuma ya vizimba, jinsi nilivyoziacha Jumatano asubuhi kabla ya kuondoka. Nikaigusa moja. Baridi.

Nilielewa hapo hapo, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kila Alhamisi walikuwa wanapanda kwenye bamba la moto na miguu iliyopashwa tangu saa moja. Mguu wenye joto hauna safari ndefu mpaka kwenye maumivu. Hakuna neva iliyorudi. Lilikuwa jiwe la mama tu.

Nimejifungia chooni nikalia, na sikuwalilia panya. Nililia kwa ajili ya lile swali lake, nitaweza kuushika tena udongo.

Na kile kichupa sasa sijui ndani yake mna nini.

Jumapili, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimefanya usafi wa chumba, nikapika, sikula. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kesho kujaza tena maji ya moto, njano ikarudi kumi na moja, Daktari akapiga mluzi, na siku moja mama wa mtu mwingine huko akaambiwa utaushika udongo.

Hapana. Kesho nasema.

Jumatatu, 27 Aprili

Nilimkuta Daktari Agustino na Mzee Bonifasi kwenye meza ya bamba. Sikukaa.

"Daktari, nina maneno. Naomba unisikilize yote ndipo unifukuze."

Nikasema. Chupa za maji ya moto, toka Pasaka, kila asubuhi, njano peke yake. Kisha nikatoa kichupa cha kikohozi nikakiweka mezani, nikasema na hiki.

Daktari alikitazama kichupa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. "Wiki zote hizi," akasema. "Shakila. Nimeshaanza kuandika ripoti." Akanyanyuka, akaenda kusimama dirishani, kwenye katoni. Mgongo wake ulikuwa umekasirika.

Mzee Bonifasi ndiye aliyekohoa. "Mimi nilimwona anabeba birika asubuhi. Nilidhani anajikorogea uji."

"Nyamaza, mzee," Daktari akasema, lakini sauti ilikuwa imelegea kidogo. Kisha, bila kugeuka: "Hili dirisha ni kosa langu. Kupasha ni kosa lako. Hii dawa je? Ulitaka kumpa nani?"

Nikamweleza juu ya mama. Jiwe, kisigino, nesi.

Akaja akakaa. Akachukua kichupa, akakimwaga kwenye sinki, akafungulia maji. "Sikiliza. Hata kama ningekuwa na hakika inafanya kazi, kutoka kwa panya mpaka kwa mtu ni miaka. Kisigino cha mama yako hakina miaka, kina wiki." Akahesabu kwa vidole: sukari ishuke. Kidonda kisafishwe kila siku. Kisiguse kitu chochote cha moto. Asitembee peku hata hatua moja. Na kila siku ya Mungu, mtu mwenye macho mazuri aitazame miguu yote miwili, juu, chini, katikati ya vidole.

"Hatavaa viatu, daktari. Kwetu masika viatu vinaangusha watu, udongo unashikwa kwa vidole. Atavivua nikigeuka tu."

Mzee Bonifasi akajikuna kidevu.

"Mbona wacheza mpira hawaanguki?"

"Mzee, tafadhali."

"Nauliza tu. Uwanja umejaa matope, wanakimbia. Mnadhani wanashika kwa vidole?"

Nilidhani ananitania.

Jumanne, 28 Aprili

Nimepewa barua ya onyo. Ufunguo wa friji nimenyang'anywa. Kazi bado ninayo. Vipimo vya wiki tatu vimepigwa mstari mwekundu, na pembeni Daktari ameandika kwa mkono wake: vizimba vya njano vilipashwa moto. Kuanzia sasa panya wote watakaa chumba cha bamba saa nzima kabla ya kupimwa, na daftari la kazi limeongezwa safu: mengineyo.

Fundi wa kioo kaja leo. Katumia dakika arobaini.

Alhamisi, 30 Aprili

Wote joto moja. Kijani kumi na sita. Njano kumi na nane. Yule wa sikio lililochanika alifika ishirini na tano. Mimi ndiye niliyemtoa.

Jioni nimepita kwenye mitumba nikachagua viatu. Muuzaji ameniuliza mwanangu anacheza namba ngapi.

Jumamosi, 2 Mei

Naandika nikiwa kwa mama, mlangoni, jua la asubuhi limetoka kidogo.

Barabara imepitika juzi. Jana, Mei Mosi, niliteremka Mkuyuni nikapanda kwa miguu, viatu mkononi kama kila mtu. Begoni nilikuwa na njumu, nyeusi, zenye meno chini, namba moja zaidi ya mguu wake kwa sababu ya bandeji. Na begi la pili, tupu, la kumchukulia Sabra nguo zake. Nilikuwa nimeamua. Siwezi kumwacha mtoto mahali penye mawe ya moto.

Sabra alinikimbilia mpaka akanigonga tumboni. Amekuwa mrefu. Ananukia moshi na karanga.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto. "Umekonda," akasema. Mimi ndiye nimekonda! Nikafungua bandeji. Kidonda ni kipana kama kiganja cha mtoto. Kingo zake ni za waridi, hakina harufu. Nilikinusa mara mbili, sikuona aibu.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ile dawa haikuwa dawa, ni mimi niliyewapasha panya joto kama yeye alivyokuwa akitupasha sisi, na kwamba nilimdanganya bila kujua.

Alifikiri. "Na hao panya walilipenda jiwe?"

"Walilipenda sana."

"Haya," akasema, akatazama pembeni. Kisha akaniambia, "Nilishaanza kuota njia, Shakila. Naota nashuka na mkungu, nasikia ile changarawe ya pale kwenye kona." Nikamshika tu mguu, ule mzima, na najua hakujua kama nimeushika mpaka alipotazama.

Sabra akaleta unyoya wa yule kuku. Mama akafumba macho, nikamgusa kidole gumba. "Sema nikikugusa." "Haya, anza." Nilikuwa nimeshagusa mara tatu. Unyayo. "Mbona huanzi?" Kifundo. Nikapanda taratibu, na Sabra ameziba mdomo kwa mikono miwili. Chini kidogo ya shavu la mguu mama akashtuka: "Hapo!" Nikachora mstari na kalamu. Pale ndipo mama anapoanzia siku hizi.

Halafu nikatoa njumu.

"Unanipeleka timu gani?"

"Vaa, mama."

"Mimi mtu mzima, Shakila. Watu watasema nini?"

"Watasema una miguu miwili. Vaa."

Aliona uso wangu, akanyoosha mguu wa kulia. Wa kushoto tulitumia fimbo na bega langu, kisigino kimefungwa vizuri, kiatu hakijakazwa. Hatua kumi tu mpaka uani, kwenye udongo mwekundu uliolowa. Meno yakazama. Akasimama. Hakuteleza. Akatazama chini, akanitazama, akapiga hatua nyingine ambayo sikumwomba.

Eufrazia, yule jirani wa jikoni, kachungulia kutoka uani kwake. "Jamani, Bi Mwajuma! Leo unafunga mangapi?"

"Kaa golini uone!" mama akamjibu.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Jiwe nimelitoa mwenyewe nje. Mama kanifuata kwa maneno: "Jiwe la bibi yako hilo!" Nikamwambia nalijua, lakini na wewe halilali tena. Sasa linazuia mlango wa banda la kuku.

Asubuhi hii nimemfundisha Sabra. Kabla ya chai. Mguu wa kulia, juu, chini, kidole kwa kidole. Wa kushoto hivyo hivyo, bandeji ikilowa anamwita mjomba. Kisha kung'uta njumu na kupitisha mkono ndani kabla bibi hajavaa. Alifanya kwa ulimi nje, pua karibu iguse unyayo. Katikati ya kidole cha tatu na cha nne aliona chembe ya mchanga, akaipuliza. Mimi nilikuwa nimeipita.

Nimelitazama lile begi tupu muda mrefu.

Jumapili, 3 Mei

Nimeshuka nalo tupu. Sabra atakaa na bibi yake mpaka shule ifunguliwe mwezi wa kwanza. Sabra hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 5 Mei

Sabra, kwenye jiwe la simu: kulia safi. Kushoto kidonda kikavu.

Ijumaa, 8 Mei

Kulia safi. Kushoto kikavu. Kuku Shakila ametaga.

Jumatatu, 11 Mei

Kulia jani limenata, ameliondoa. Kushoto kidogo kuliko juzi. Mjomba analalamika kupandishwa mlimani kila siku na bosi wa miaka mitano.

Ijumaa, 15 Mei

Hakupiga. Mvua. Nimeshinda na simu mfukoni mwa koti la kazi, kila panya akikwaruza nadhani ni yenyewe.

Jumamosi, 16 Mei

Kulia safi. Kushoto safi. Jana simu ilikuwa haina chaji. Nimemkaripia mjomba wangu, halafu nikamwomba radhi.

Ijumaa, 22 Mei

Bahasha imefunguliwa. Kijani ni dawa. Njano ni maji ya chumvi.

Wiki hizi za mwisho, wakiwa wote kwenye joto moja, kijani wamesimama kwenye kumi na tano, njano kumi na nane. Sekunde tatu. Daktari amesema ni kitu kidogo, lakini kitu, na hiki anaweza kukiapia. Jumatatu watalazwa wote, usingizi wa mwisho, ili neva zitazamwe. Mzee Bonifasi aliposikia alitoka nje kuwasha sigara ambayo aliacha mwaka juzi.

Kwa hiyo nilichomchukulia mama kilikuwa maji ya chumvi. Na hawa wa njano, katika maisha yao yote, kitu pekee walichopata ni zile chupa. Nimewapelekea leo, maana vipimo vimekwisha. Kwenye safu ya mengineyo nimeandika: wamepashwa moto.

Jumapili, 24 Mei

Mvua zimekatika. Mlima umetoka wote, unaonekana hadi migomba ya juu, au nadhani naiona.

Leo simu haikuanza na mjomba. Ilianza na mtu anayehema.

"Shakila."

"Mama? Uko wapi?"

"Niko juu ya jiwe. Nimepanda mwenyewe na njumu zangu. Abasi kaachwa nyuma huko, anatukana."

"Kidonda je?"

"Muulize daktari wangu, huyu hapa."

Sabra akachukua simu, akaweka ile sauti yake ya kazi. "Kulia safi. Kushoto safi, ngozi mpya, mstari wa kalamu tumeurudia pale pale. Bibi ameweka mashimo njia nzima, mama. Mashimo madogo madogo. Mimi nakanyaga humo humo."

"Safi sana, mwanangu."

Nikamsikia anapumua kwa mdomo, kama afanyavyo akifikiri.

"Mama, na miguu yako wewe, nani anaangalia?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikavua ndara. Nikapandisha mguu mmoja juu ya goti, kisha wa pili, kidole kwa kidole, polepole, na yeye ananisubiri kule juu.

"Kulia safi," nikamwambia. "Kushoto safi."

"Na katikati ya vidole?"

Nikarudia kuangalia.